Nilisema Maneno ya Mwisho, Kisha Nikapona

Kama uko kitandani sasa hivi na kifua kimekubana, na ndugu zako wameanza kuja kukutazama wawili wawili na kunong'ona mlangoni, soma haya kabla hujafungua mdomo wako kugawa kitu. Mimi niliufungua wangu. Jina langu ni Jotham Kidake. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo usitafute hapa maneno makubwa ya daktari. Sijui mdudu wa kifua anaingiaje wala anatokaje. Najua benchi lake, najua sindano yake, na najua majina ya watu walionimaliza wakati yeye mwenyewe alishindwa.

Nilikuwa mtu wa gengi ya reli hapa Nakuru. Kazi yetu ilikuwa kung'oa mataruma yaliyooza, zile mbao za kubeba reli, na kuweka mapya, kutoka stesheni mpaka upande wa Elmenteita, na siku nyingine tulipelekwa juu kule Mau, ambako baridi ya mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye meno. Mke wangu, Rael, alikaa nyumbani Maragoli na binti zetu watatu, Mmbone, Kavere na mdogo wao Jerusa. Mtoto wa kiume hatukupata. Shamba nilipewa na baba yangu, kipande kinachoteremka mtoni, na ng'ombe wanne nilinunua mwenyewe kwa mgongo wangu. Kwetu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mumewe akifa, anakaa kwenye shamba lile kwa ruhusa ya shemeji zake. Wakipenda, anakaa. Wasipopenda, anarudi kwao na kikapu chake. Jambo hilo lilinisumbua hata kabla ya kuugua. Nilipougua, halikuniacha hata siku moja. Niliwaza: nikifa, Rael atalala wapi?

Kikohozi kilianza mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, wakati wa mvua kubwa. Nilidhani ni ile baridi ya Mau. Nyapara wetu naye alisema ni baridi. Kufika mwezi wa sita nilikuwa naamka na blanketi limelowa jasho kama la mtoto mchanga. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine, halafu nikaacha kutoboa nikafunga kamba. Wenzangu wa gengi waliacha kunywa maji kwenye mkebe wangu. Mkebe wangu tu ulianza kukaa peke yake juu ya jiwe. Halafu siku moja tulikuwa karibu na Kariandusi, pale vumbi jeupe linapofunika majani ya kando ya reli, nikakohoa, nikatema, na juu ya weupe ule nikaona damu. Ilionekana vizuri sana. Hata leo naweza kukupeleka pahali penyewe.

Hospitali niliyolazwa siitaji jina, maana ilinitibu na sina neno nayo. Lakini benchi lake nitakuambia. Lilikuwa refu kama behewa, na kila aliyeitwa, sisi tuliobaki tulisogeza makalio hatua moja. Nilisogeza makalio asubuhi tatu. Wakikuyu walikuwa na shida kuliko sisi, kwa sababu askari aliweza kuingia akadai karatasi ya kutembea kwa mtu ambaye ameshika kikombe cha makohozi kwa mikono miwili. Siku ya tatu nilipigwa picha ya kifua. Daktari Mzungu aliiinua dirishani, akaigonga kwa kidole.

"Hii moja mbaya sana," akasema. "Hii ingine iko mzuri kidogo."

Alikuwa anasema mapafu yangu. Nikalazwa siku hiyo hiyo.

Rael alikuja na gari la moshi, watoto akawaachia mama yangu. Chumba changu cha landi, zile nyumba za watu wa reli, kilikuwa kimepewa mtu mwingine, basi akapata pembe ya kulala kwa mama mmoja pale Bondeni, akaanza kufua nguo za Mzungu kule Milimani. Kila Jumapili alikuja na uji kwenye chupa. Hakuruhusiwa kuingia wodini. Alisimama nje ya senyenge, nami nikasimama ndani, tukaongea kwa sauti kama watu wanaouziana kuku sokoni. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Nilipomuuliza, alisema, "Hiyo ni mikono tu, Baba Mmbone. Wewe kunywa uji."

Miezi minne ya kwanza ilikuwa ya sindano. Leo tako la kulia, kesho la kushoto, mpaka nyama ikawa ngumu kama ubao na dresa, msaidizi wa daktari, akawa anapapasa akitafuta pahali pa kuchoma. Masikio yalianza kulia, wii, mchana kutwa, na bado yanalia ninaposimulia haya. Nikisimama, naona sakafu inaelea. Halafu kulikuwa na vidonge, vikubwa, vingi, vichungu, vya kutapisha, na unapimwa kwa macho kama umemeza kweli. Nywele zangu zikawa nyepesi, za rangi ya vumbi. Mbavu ningeweza kuzihesabu bila kuvua shati. Ukifika huko usiogope ukiona mwili wako huujui. Wangu niliuona mgeni karibu mwaka mzima, halafu ukarudi, si wote.

Kitanda cha jirani yangu kililaliwa na arap Chumo, mchungaji wa ng'ombe wa Mzungu mmoja wa upande wa Molo. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye mzaha.

"Bwana Reli," aliniambia siku ya kwanza, "gari lako limesimama stesheni gani hii?"

"Stesheni ya makohozi," nikamwambia.

"Tiketi ya kurudi unayo?"

"Sina. Wewe je?"

"Mimi nilikuja na miguu. Mtu wa miguu haulizwi tiketi." Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaletewa kikombe.

Sasa sikiza vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipopotea. Wodi ilikuwa na vitanda vya ndani, na nje yake baraza ndefu yenye vitanda sita, ina paa na senyenge tu, upepo wa ziwa unapita huru na harufu yake ya magadi. Sisi wagonjwa tulikuwa na elimu yetu wenyewe. Kabla yangu, watu wawili wa vitanda vya ndani walitolewa wakawekwa barazani. Wa kwanza alikaa wiki chache, asubuhi moja tukaona kitanda chake kitupu, godoro limekunjwa. Wa pili, hivyo hivyo. Tukaangaliana. Tukaamua kwamba baraza ni ya wanaokufa, wanatolewa ili wasifie mbele yetu na maiti ipate njia fupi. Hakuna aliyemuuliza daktari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, si cha kuulizwa. Kuanzia hapo kila mtu aliomba Mungu abaki ndani, na kitanda cha ukutani, mbali na mlango, kilitamaniwa kama kiti cha chifu. Arap Chumo ndiye aliyekipata.

Mwezi wa kwanza, jua kali, daktari alikuja akasikiliza kifua changu mbele na nyuma. Akamwambia dresa, "Hii mtu toa nje."

Dresa huyo alikuwa anaitwa Daudi. Alikuwa anajua kuandika mwandiko mzuri, na wagonjwa wasiojua walimpa kitu kidogo awaandikie barua. Nilipofika barazani nikamshika mkono.

"Daudi, niambie kweli. Kwa nini nimetolewa?"

"Mimi si daktari, mzee."

"Lakini unajua."

Akatazama mlangoni, akanitazama. "Kama una watu, waite. Kuita watu si vibaya. Nikuandikie?"

"Andika," nikasema. "Mwambie ndugu yangu aje na mzee wa ukoo. Aje upesi."

Aliandika pale pale, akachukua chake, akaenda. Mtu huyo alijua kwamba sifi. Weka jina lake kando, nitalirudia.

Wiki mbili baadaye walifika, mdogo wangu Zakayo na Mzee Amugune, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Ilikuwa siku ya kazi, Rael yuko Milimani na beseni lake. Zakayo aliuliza, "Tumwite shemeji?" Nami, kwa mdomo wangu, nikasema, "Msimwite. Atalia tu, tutashindwa kuongea." Maneno hayo yananichoma kuliko mengine yote niliyosema siku ile.

Waliruhusiwa kufika ukingoni mwa baraza. Zakayo alikaa kwenye ngazi, leso mdomoni. Mzee Amugune alisimama, akanitazama kuanzia miguuni.

"Kidake, tumekuona. Umekwisha."

"Nimekwisha, mzee."

"Basi sema wakati ulimi bado una nguvu. Zakayo, toa hiyo leso, umshike kaka yako mkono."

Zakayo alinishika kwa vidole viwili. Nikasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale siku nyingi, nikitazama paa. Nilisema shamba liwe mkononi mwa Zakayo, na ng'ombe pia, na Rael akae pale pale, alime, asifukuzwe, na binti zangu waolewe kwa wakati wao, wasiharakishwe. Kila neno Mzee Amugune alilirudia kwa sauti, ili likae.

"Na Rael mwenyewe?" akauliza.

"Zakayo amtunze."

"Kumtunza vipi?" Zakayo akauliza, macho chini.

"Unajua vipi," nikamwambia. Kwetu unajua vipi. Mke wa marehemu huingia kwa ndugu wa marehemu.

"Nimesikia, kaka," Zakayo akasema, akaachia mkono wangu, akaupangusa kwenye suruali. "Nenda salama."

Nenda salama! Mimi nimelala, yeye ndiye mwenye gari la kupanda.

Mzee Amugune alimalizia, "Sasa hayo hayarudi." Alisema kweli. Kwetu maneno ya mtu anayekufa yanaogopwa kuliko bunduki. Anayeyageuza, kifo kinaingia nyumbani kwake na kuanza na watoto. Hilo tulilijua sote watatu. Kwa hiyo unaona nilikuwa nimefanya nini. Nilichukua mali yote iliyokuwa mkononi mwangu nikaifunga na kufuli ambalo hata mimi mwenyewe sina ufunguo wake, nikidhani nitakuwa nimeondoka kabla mtu hajabisha mlangoni.

Sikuondoka. Nilingoja kufa wiki ya kwanza, nikangoja ya pili. Nilianza kusikia njaa. Uji wa Rael haukunitosha, nikaomba na ugali. Siku ya mizani nilipanda, yule aliyepima akasoma mara mbili akidhani amekosea. Mwezi huo alikuja nesi mpya, msichana aliyetoka kusomea, mwenye Kiswahili cha watu. Alinikuta nimegeukia ukuta.

"Mbona wewe huna furaha, baba? Unaongezeka."

"Naongezeka kwa faida gani, binti, mimi mtu wa barazani."

"Barazani kuna nini?"

Nikamwambia. Alishika kiuno, akanitazama kama nimemtukana. "Nani aliwaambia hivyo? Barazani wanatolewa wale ambao dawa imewakubali. Hewa ndiyo inawamalizia."

"Na wale wawili?"

"Wale wawili walikwenda kwao! Walipona, wakapewa barua, wakaondoka alfajiri kuwahi gari la moshi. Daudi hakuwaambia? Yeye ndiye aliyewafungulia geti."

Nilicheka. Hicho kicheko sikipendi kukikumbuka. Nilipompata Daudi nikamuuliza kama alijua. Hakuona hata aibu. "Hukuniuliza kama unapona, mzee. Uliuliza kwa nini umetolewa." Mtu wa barazani anaandikisha barua nyingi kuliko wa ndani, unaelewa, na Daudi hakutaka kuharibu kazi yake. Ndiye wa kwanza ninayemtaja.

Arap Chumo, nilipomhadithia dirishani, alisema, "Basi umejizika mwenyewe, Bwana Reli, na kaburi umelilipia." Alikuwa hacheki tena kwa nguvu, anapumua kwa vipande vipande. Alikufa mwanzo wa mvua, ndani, kwenye kitanda cha ukutani tulichokitamani sote. Sikuruhusiwa kuingia kumwona. Nilisikia tu magurudumu ya kitanda yakipita.

Upesi nilimwandikia Zakayo kwamba napona, mambo yale tuyaache. Barua hiyo nesi aliniandikia bure. Haikujibiwa.

Wakati huo Rael alikuwa amekwenda nyumbani kupanda mahindi. Sikuwa nimemwambia lolote. Nilikuwa nikijiambia nitamweleza nikitoka, uso kwa uso. Alirudi Jumapili moja, na nyuma yake alikuwa amesimama Mmbone, binti yetu mkubwa, miguu imejaa matope makavu mpaka magotini. Rael hakuleta uji. Alishika senyenge kwa mikono miwili.

"Jotham," akasema. Hakuniita Baba Mmbone. "Nimekuta ng'ombe hawapo. Nimekuta Zakayo ameng'oa ua wa katikati, amelima mpaka mlangoni kwangu. Nikauliza. Akaniambia, 'Shemeji, usipige kelele, wewe mwenyewe uko ndani ya maneno.' Maneno gani, Jotham?"

"Nilidhani nakufa."

"Nilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kitanda hiki. Nilikuwa nafua suruali za watu ili ule. Ukawaita watu kutoka Maragoli waje wakusikie, mimi wa Milimani sikuitwa."

"Nilitaka usifukuzwe."

"Ulinitaja baada ya ng'ombe au kabla?"

Alijua jibu, Zakayo alikuwa amemsomea yote kwa mpangilio wake.

"Na huyu," akamvuta Mmbone mbele, "alikuwa amekwisha kutafutiwa mume. Mzee mwenye meno matatu. Zakayo anasema yeye ndiye baba sasa. Nimemtoa kabla ya jua, tumetembea mpaka Kisumu. Wadogo wake wako kwa dada yangu." Akaachia senyenge. "Pona basi, maana ukifa sasa utakuwa umefanya kazi mara mbili."

Jumapili tatu hakuja. Mmbone ndiye alikuja na chupa, akasema, "Mama amesema unywe yote," akasimama akinitazama mpaka nikamaliza, akaondoka. Uji ule ulikuwa na sukari. Niliushika huo utamu kama habari njema, sikuwa na nyingine.

Nilitoka mwezi wa tisa, nikiwa na barua ya daktari na begi moja. Sikukaa Nakuru hata siku mbili. Nilipanda gari mpaka Kisumu, nikapanda basi, nikatembea iliyobaki nikipumzika kila kilima. Watoto waliponiona njiani walikimbia. Mwanamke mmoja tuliyekua naye aliweka mtungi chini akaniambia, "Kidake, wewe si ulikwisha kugawa?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli.

Tulikaa uani kwa Mzee Amugune, wazee saba, Zakayo na mimi. Nilitoa ile barua ya daktari. Ilizunguka mikono yote, hakuna aliyeweza kuisoma, ikarudi kwangu.

"Niko hai," nikasema. "Maneno yale yalikuwa ya mtu anayekufa. Sikufa. Nataka shamba langu na ng'ombe wangu."

Zakayo alisimama. Hakunitukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wazee, mimi simchukii kaka yangu. Lakini alinishika mkono akasema. Nikirudisha, nani ananiahidi mtoto wangu hatazikwa mwaka huu? Yeye ana watoto wa kike watatu, wataolewa. Mimi nina wavulana wanne pale. Aseme yeye, yuko tayari kuwaua?"

"Na Mmbone? Kwenye maneno yangu nilisema asiharakishwe. Hilo mbona umelirudisha bila kuogopa?"

Wazee wawili wakacheka chini chini. Kwa dakika moja nilidhani nimeshinda. Halafu Mzee Amugune akasafisha koo.

"Kidake, kwa binti umesema kweli, Zakayo amekosa, binti ni wako. Kwa shamba, mimi niliyasikia maneno kwa masikio yangu na nilikuambia hayarudi. Utapewa pahali pa nyumba kando ya njia. Zakayo atakupa."

Zakayo atanipa. Kwenye shamba la baba yangu. Nikamuuliza mzee, "Ulipewa nini?" Hilo lilikuwa kosa tena, kwa sababu aliyekuwa anataka kunitetea hakuweza sasa. Baadaye niliona mmoja wa ng'ombe wangu, yule wa baka jeupe, amefungwa nyuma ya jiko la Amugune. Ndiye wa pili ninayemtaja. Zakayo Kidake, mtoto wa mama yangu, ndiye wa tatu. Wa nne ni mimi.

Niliporudi Nakuru nilikwenda ofisi ya D.C. Nilitaka kuandika karatasi kwamba vitu vyangu, hata vichache vilivyobaki, ni vya Rael nikifa. Benchi tena, makalio tena. Karani alinisikiza mpaka mwisho, kalamu sikioni.

"Mzee, karatasi ya namna hiyo ni ya Wazungu na Wahindi. Mwafrika anafuata desturi yake. Nenda kwa wazee wenu."

"Wazee wetu ndio wamenila."

"Basi sijui," akasema, akamwita aliyefuata.

Nilirudi Bondeni nikamweleza Rael. Tulikuwa tunakaa pamoja wakati huo, chumba kimoja na watoto wote watatu, wadogo wakiwa wameletwa kutoka kwa dada yake, lakini aliniongelesha kama mpangaji mwenzake. Alikuwa anakunja nguo za watu. Nilimwambia nitaita watu wa kanisa, wanne, watano, wasio ndugu zangu, niseme mbele yao kwamba nikifa kila kitu namwachia yeye.

Aliweka shati chini.

"Usiniachie," akasema.

"Unakataa?"

"Usiniachie. Kuachiwa nimekwisha kuachiwa, nikapata matope. Kama una kitu, nipe leo, nikiwa nakuona na wewe unaniona. Ukifa, kusiwe na neno la kusema."

Nilikaa juu ya kitanda. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia.

Gengi haikuweza kunirudisha, kifua hakibebi taruma. Walinipa kiinua mgongo. Kwenye fomu yao, tangu siku niliyoandikwa kazi nikiwa kijana, jina la ndugu wa karibu lilikuwa Zakayo. Kama ningekufa barazani, hata hicho angekichukua. Fomu hiyo, msomaji, kaitazame kwako kesho asubuhi, usingoje kukohoa. Nilienda na Rael mkono kwa mkono, na kiinua mgongo kikapokelewa mezani mbele yake, nami nikamkabidhi hapo hapo, karani akiona. Alinunua cherehani. Risiti iliandikwa jina lake, Rael Kageha. Kadi ya chumba ikaandikwa Rael Kageha. Vitanda viwili, sufuria, baiskeli yangu ya kazini, vyote niliwaita majirani mchana wakaona nikivitoa mkononi mwangu na kuvitia mkononi mwake. Mama mwenye nyumba alicheka, "Mzee umeolewa?" Nikamwambia ndiyo.

Ni vigumu, sikudanganyi. Siku nyingine namwomba senti ya tumbaku na najisikia mtoto. Rael hajanisamehe yote na sijui kama atanisamehe. Lakini ananiongelesha. Mmbone anajifunza kushona. Wadogo wanasoma.

Mwaka huu mwezi wa saba kifua kilinishika tena, baridi tu, nesi alinipima akasema ni baridi tu. Lakini habari zikafika Maragoli zikiwa zimekua njiani. Alhamisi moja, saa nne za asubuhi, Zakayo akabisha hodi. Kanzu ya Jumapili, kofia mkononi. Nilikuwa nimejifunika blanketi karibu na jiko la makaa. Alikaa kwenye kigoda, akanitazama kuanzia miguuni kama Mzee Amugune alivyonitazama siku ile.

"Kaka, tumesikia."

"Mmesikia."

"Nimeona nije mapema." Akavuta kigoda karibu, akanyoosha mkono. Safari hii hakuwa na leso. "Una neno lolote la kusema?"

Nikautazama ule mkono. Nikakohoa kidogo, kwa kweli, si kwa kumtania.

"Mimi sina kitu hapa, Zakayo. Hata blanketi hili nimeazimwa. Muulize huyo mwenye chumba."

Rael alikuwa kwenye cherehani, mgongo umetuelekea, anashona sare ya shule ya mtu. Hakugeuka. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Hakuna neno, shemeji," akasema. "Chai iko mezani. Kunywa, gari lako ni la saa tisa."